Kabati Lililoacha Kupumua

Dhambi ya Bwana Furihata Kunio ilikuwa na uzito wa kilo mbili na gramu mia tatu, nyuzi sita, na rangi nyeusi iliyopigwa mara tisa. Ilining'inia ukutani katika kibanda chake nyuma ya nyumba, pale Matsumoto, Japani, na kila aliyeishika alisema neno lilelile: "Mbona nyepesi hivi?"

Si kwamba alikuwa mtu mwovu. Alikuwa karani wa idara ya maji, umri wa miaka hamsini na tisa, mtu wa kurudisha mwavuli wa kuazima kabla mvua haijakatika. Katika mji ule, ambako kila ukoo una mjomba aliyewahi kupiga msasa shingo za magitaa ya umeme kiwandani, yeye hakuwahi kutia mguu kiwandani hata siku moja. Magitaa aliyaunda Jumapili, kwa mapenzi tu, na kwa miaka kumi na moja alikuwa ameunda saba. Yote saba yalikuwa mazito kama mlango, na yalilia kama mlango.

Mwenzake wa Jumapili, Kamijo, mstaafu wa chumba cha rangi cha kiwanda kimoja, alikuwa na kawaida ya kuyagonga kwa kidole, kusikiliza, kisha kutikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Hili litafaa kumpigia mwizi," alisema juu ya gitaa la saba.

"Tatizo nini sasa? Sumaku za kunasa sauti nimezisuka waya upya. Vyuma vya shingoni nimevisawazisha mpaka macho yamevimba."

"Mti, bwana. Tatizo ni mti. Unataka kiri, ule mti mwepesi. Tena si hii ya dukani iliyokatwa juzi. Unataka kiri iliyokaa ndani ya nyumba miaka thelathini ikikauka taratibu. Hiyo ukiigusa tu, inaimba."

"Nitaipata wapi?"

"Hupati. Wenye nayo wameifanya makabati ya wake zao."

Kamijo alicheka. Bwana Furihata hakucheka, na hapo ndipo shetani alipovua viatu na kuingia ndani.

Kabati lenyewe lilikuwa chumbani, mali ya mkewe, Mitsue. Mwaka aliozaliwa Mitsue baba yake alipanda miti mitatu ya kiri nyuma ya nyumba yao, kama walivyofanya wenye binti zama hizo, maana kiri hukua upesi kama mtoto wa jirani. Alipopata mchumba, miti ikakatwa, fundi akaitwa, likatoka kabati la droo tano, lililoshikana vizuri hata hewa haikuwa na pa kupita. Ukisukuma droo ya chini, ya juu ilitoka yenyewe polepole, mithili ya ulimi. Binti yao Chinatsu alikua akilichezea: anasukuma, kabati linamtolea ulimi, naye analitolea wake. "Kabati linalopumua haliingii nondo," baba wa Mitsue alikuwa akisema. Mzee huyo sasa alikuwa picha yenye fremu nyeusi, na kila asubuhi Mitsue alimwashia udi na kumwekea kijibakuli cha wali.

Mwezi wa tatu Mitsue alikwenda na dada yake kwenye chemchemi za maji moto, siku mbili. Siku ya kwanza Bwana Furihata alilivuta kabati kutoka ukutani ili alipime tu. Aligonga mgongo wake kwa kidole. Uliimba. Siku ya pili alileta msumeno.

Alikata vipande viwili vya mgongo, akavibandika kimoja juu ya kingine kupata unene wa gitaa, akaziba matundu kwa plaiwudi, akalirudisha kabati ukutani. Aliwaza kwamba mgongo wa kabati hutazama ukuta, na ukuta hauna mdomo.

Kazi iliyofuata aliifanya kwa unyenyekevu wa mtu anayeosha maiti. Kiri ni laini. Ukucha tu unaacha alama. Penye skrubu za daraja la nyuzi alipachika kipande cha mti mgumu. Palipobonyea aliweka kitambaa kibichi na kupitisha pasi mpaka ubao ukainuka tena. Pasi pia ilikuwa ya Mitsue. Mtu akishaanza, haanzi nusu. Mwishowe akapaka rangi nyeusi, nzito, ili kusionekane hata mshipa mmoja wa ule mti.

Alipochomeka waya kwenye amplifaya na kupiga, sauti ilitoka pana na yenye joto, ikakaa hewani kama mgeni asiyetaka kuaga. Mitsue alikuja na chai, akasimama mlangoni hadi chai ikapoa.

"Hili ndilo, Baba Chinatsu. Yale mengine nilikuwa navumilia tu. Umelifanyaje?"

"Ni mti tu."

"Mti gani?"

"Wa... wa zamani."

Na hilo halikuwa uongo. Ndiyo maana lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki ileile Mitsue alisukuma droo ya chini. Ya juu haikutoka. Akasukuma tena. Bwana Furihata, aliyekuwa chumba cha pili akila wali na mboga za chumvi, aliacha kutafuna.

"Baba Chinatsu! Kabati limeacha kupumua."

"Hali ya hewa," alijibu, mdomo umejaa.

Tangu hapo, kila asubuhi, baada ya udi na kijibakuli, Mitsue aliijaribu ile droo. Grrr, tap. Kimya. Grrr, tap. Kimya. Sasa, Bwana Furihata alikuwa mtu ambaye, akipitisha kidole juu ya shingo ya gitaa, aliweza kukuambia chuma kipi kimeinuka kwa unene wa unywele. Masikio yake yalikuwa ya daraja hilo. Alisikia kila grrr, na kila tap, na kimya chake.

Siku za mwizi ni arobaini. Bwana Furihata alikuwa amepewa mia moja na ishirini na mbili, na hakujua amshukuru nani, pale mwezi wa saba Mitsue alipotangaza mezani:

"Chinatsu anaolewa mwezi wa kumi. Nimemwita fundi Akabane, aje Jumamosi alichukue kabati, alipige randa upya, liwe jeupe kama siku ile. Nataka Chinatsu aende nalo. Na fundi atazame kwa nini halipumui."

"Jumamosi hii?"

"Una kazi?"

"Sina," alisema Bwana Furihata, na kweli hakuwa na chochote.

Mitsue alipokwenda sokoni, Bwana Furihata alilivuta kabati. Alichukua utepe wa shaba, ule wanaozungushia matumbo ya magitaa ili yasivume ovyo, akaziba kila ufa wa plaiwudi, roli zima. Kisha akasukuma droo ya chini. Kimya. Kabati lilikuwa maiti ileile, ila sasa lilikuwa maiti yenye vito.

Alikuwa na siku tatu za kusema. Siku ya kwanza Mitsue alikuwa na furaha mno. Ya pili aliumwa na kichwa. Ya tatu ilikuwa Jumamosi.

Fundi Akabane alikuwa mzee wa miaka sabini na minne mwenye taulo shingoni. Mitsue alikwenda jikoni kuandaa chai. Wanaume wawili wakalivuta kabati. Mzee alitazama mgongo. Shaba iling'aa. Aliinama, akagusa plaiwudi, akanusa kidole, kisha akamtazama mwenye nyumba.

"Panya wa huku wanatumia msumeno?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Bwana Furihata alitazama mlango wa jikoni.

"Tena panya mwenye mkono mzuri. Mistari imenyooka." Mzee alitandaza blanketi juu ya mgongo. "Bwana, nimeona migongo mingi. Naweza kumwambia mama ni unyevu. Ukitaka."

Yapo madhambi ambayo mtu huyafanya kwa msumeno, na yapo ambayo huyafanya kwa kichwa. Bwana Furihata aliitikia kwa kichwa: ndiyo.

Mitsue aliingia na sinia. "Vipi, fundi?"

"Unyevu, mama. Ukuta huu ni wa baridi. Mgongo umeoza kidogo. Nitaweka mpya, litapumua."

Mitsue aliweka sinia chini. Alikwenda mbele ya ile picha yenye fremu nyeusi, akapiga magoti.

"Baba, nisamehe," alisema. "Uliniambia nisiliweke ukuta wa kaskazini. Nikasema nafasi ni hapo tu. Uvivu wangu umekuharibia miti yako."

Fundi Akabane aliutazama uso wa mwenye nyumba, na haraka akatafuta kitu cha kutazama darini.

Bwana Furihata alitoka. Mitsue alidhani amekwenda chooni. Alirudi na gitaa jeusi mkononi na bisibisi mdomoni, akapiga magoti kando yake, akalilaza gitaa kifudifudi juu ya mkeka. Alifungua skrubu nne za kifuniko cha nyuma; moja ilibingirika hadi chini ya kijibakuli cha wali. Kifuniko kikatoka. Ndani, kati ya waya na risasi ya kulehemu, rangi haikufika. Palikuwa peupe.

"Unyevu wenyewe huu," alisema.

Mitsue aliinama. Aliingiza kidole, akafuata mshipa wa ubao hadi unapopotelea kwenye rangi.

"Huu ni mti wangu."

"Ndiyo."

"Ulipokuwa unaniambia ni wa zamani..."

"Ndiyo."

Fundi Akabane alikunywa chai kwa kelele, kama mtu anayetaka ijulikane kwamba anakunywa chai.

"Kidole chako kinasikia unywele," Mitsue alisema. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Nimesukuma ile droo miezi minne. Hukunisikia?"

"Nilikusikia. Kila siku."

"Basi."

Bwana Furihata alianza kubwabwaja: atalikata gitaa, atarudisha mbao, atakwangua rangi.

"Bwana, acha," mzee alisema. "Ukilikata sasa utakuwa umeukata mti mara mbili."

Mitsue alilichukua gitaa, akaliweka mapajani. "Hili ni la nani?"

"Lako."

"Basi usilipige tena."

"Mama Chinatsu..."

"Utalitunza. Nyuzi utabadilisha wewe, na shingo utainyoosha masika na kipupwe, na lisipate doa. Ila kupiga, usipige."

Mwezi wa kumi kabati liliondoka likiwa jeupe, na mgongo mpya. Wiki moja baada ya harusi Chinatsu alipiga simu, akicheka. "Baba, linatoa ulimi tena! Mama amesema ulikuwa unyevu tu. Fundi yule ni bingwa!"

Bwana Furihata alimtazama mkewe, aliyekuwa akimenya tufaha, naye akaendelea kumenya.

"Ni bingwa," alisema.

Siku hizi Mitsue huenda Alhamisi katika ukumbi wa mtaa kujifunza gitaa, pamoja na akina mama wanne na mstaafu mmoja wa posta. Anajua wimbo mmoja, na anaupiga vibaya, kila siku kabla ya chakula cha jioni, akirudia palepale anapokosea. Hata hivyo sauti inatoka pana, yenye joto. Bwana Furihata huosha mchele na kusikiliza. Gitaa la nane, la mti wa dukani, liko kibandani halina shingo.

Mara moja kwa mwezi Mitsue humpa lile jeusi. "Nyuzi zimechoka."

Anafungua za zamani, anafuta vumbi, anapaka mafuta kidogo ubao wa shingo, anafunga mpya. Lakini nyuzi mpya hazikazwi kwa macho. Lazima uzi ugongwe, usikilizwe, ukazwe, ugongwe tena. Hilo halikukatazwa. Sita tu, mmoja mmoja. Anaugonga wa kwanza na kungoja hadi sauti ife yenyewe kabisa ndipo ashike ufunguo wa kuukaza. Kamijo anasema Matsumoto nzima hakuna anayekaza nyuzi polepole kama yeye, ni uzee.

Na Mitsue, jikoni, hasemi kitu. Anasikia.