Mama Mkwe Daraja la Kwanza

Kwa miaka tisa nilisafiri kwenye kiti cha mwisho kabisa cha ndege, kile kisichoegemea nyuma kwa sababu nyuma yake kuna choo. Ukikaa pale unawajua abiria wenzako kuliko daktari wao. Mimi ni fundi wa lifti. Kampuni yangu inahudumia majengo marefu katika nchi kumi na moja, na lifti ina tabia moja mbaya: huharibika Ijumaa alasiri, mimi nikiwa nimeshavua viatu. Simu inaita, navaa viatu, naondoka. Mwanzoni mke wangu alinisindikiza hadi kwenye geti. Baadaye akawa anaishia mlangoni. Mwishowe akawa ananyanyua mkono tu, macho yakiwa kwenye gazeti.

Kila safari shirika la ndege liliniandikia maili za zawadi. Wenzangu kazini walibadilisha zao kwa pasi, blenda na mikoba ya mgongoni, nami nikawacheka. Zangu nilizitunza kama kuku anavyoatamia. Nilikuwa nangoja kitu kimoja: vyumba viwili vya daraja la kwanza, vile vya katikati, ambavyo ukuta kati yake ukishushwa vinageuka chumba kimoja chenye kitanda cha watu wawili. Chumba cha kulala angani, jamani. Picha yake niliibandika ndani ya kisanduku changu cha vifaa, karibu na grisi.

Maili zilipotimia, mke wangu alikuwa ameshahamia kwa mama yake. Hakupiga kelele wala hakuvunja sahani. Alisema, "Nimechoka kuishi na sanduku lako," akachukua la kwake, akaenda. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni, kwa hiyo nilibaki na kuta. Nilikata tiketi mbili, nikampelekea yake, nikamwambia ndoa yetu inatimiza miaka kumi na mitano, njoo uwanja wa ndege Alhamisi asubuhi, twende siku tano, kisha kama bado hunitaki basi. Akasema, "Tutaona." Mimi kwa ujinga wangu nilisikia "ndiyo".

Alhamisi nilifika mapema kuliko wafagiaji. Nilikuwa nimenyoa ndevu mara mbili. Nikaketi kwenye ukumbi wa wakubwa, wenye zulia zito na karanga ambazo hakuna anayezipima, macho mlangoni. Mlango ukafunguka. Akaingia mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini. Walimu wazima, wenye wake na watoto, walikuwa wakijificha nyuma ya makabati wakisikia gari lake au sauti yake. Nyumbani kwake wote wanamwita Mkaguzi, hata marehemu mumewe alimwita hivyo. Akikutazama anaona kosa kabla hujatoa salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzako haji. Nimekuja mimi."

Akanionyesha tiketi. Jina lake lilikuwa pale. Kanuni za maili zinaruhusu kubadilisha jina kwa mtu wa familia, na mke wangu alikuwa amebadilisha. Shirika lilinitumia ujumbe, ila mimi nilidhani wananiuliza kuku au nyama.

"Yeye yuko wapi?"

"Yuko nyumbani kwenu."

"Nyumbani kwetu? Kwa hiyo amerudi?"

"Nimesema yuko. Sijasema amerudi."

Kabla sijameza hilo, tukaitwa kupanda. Hapa ndipo ningefurahi kama ungekuwa karibu unirushie kiatu. Nilisimama katikati ya zulia nikiwaza. Mke wangu yuko nyumbani, mwendo wa nusu saa kutoka pale. Lakini tiketi zile zilikuwa pacha: mmoja asipopanda, zote mbili zinafutwa na maili zinayeyuka. Miaka tisa ya kusikiliza choo! Nikamtazama mama mkwe aniambie neno. Alikuwa anakagua kucha zake. Nikajifariji: siku tano si nyingi, nitampigia simu nikifika, ameningoja miaka kumi na mitano hatashindwa siku tano. Nikachukua mkoba wa mama mkwe, tukapanda.

Nilitegemea Mkaguzi akemee anasa. Wapi! Alifunga mlango wa chumba chake, akafungua, akafunga. Akabonyeza kila kitufe kilichokuwepo, kiti kikamwinua, kikamlaza, kikamkanda mgongo hadi akatoa sauti ambayo sikupaswa kuisikia. Alipoletewa nguo za kulalia za hariri alizivaa saa tano asubuhi, juu ya nguo zake. Alipoletewa mayai ya samaki kwenye kibakuli cha barafu aliuliza samaki mwenyewe amechelewa wapi, kisha akala yake, akala na yangu. Kichupa cha chumvi kikaingia kwenye mkoba.

"Mama, hicho ni chao."

"Ni sampuli," akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa wima kwenye chumba changu kama mtu aliye hospitali akingoja majibu. Nani anajilaza mbele ya mama mkwe? Kiti cha ndoto zangu zote, na sikuthubutu hata kuvua viatu.

Baada ya chakula wakaja wahudumu wawili, binti mmoja na kijana mmoja, wamebeba keki na tabasamu za kazini. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba wakati wa kukata tiketi nilijaza fomu: sababu ya safari, maadhimisho ya ndoa. Hawakuuliza kitu. Kijana akabonyeza kitufe, ukuta kati yetu ukashuka taratibu ukazama. Binti akatandika shuka jeupe kutoka kwangu hadi kwake, akamwaga petali nyekundu za waridi, akazipanga zikawa umbo la moyo.

"Hongereni sana kwa miaka kumi na mitano!"

Mama mkwe, ndani ya hariri yake, akaushusha uma wa keki.

"Binti yangu," akasema kwa sauti ileile iliyokuwa ikiwaficha walimu, "huyu ni mkwe wangu. Mke wake nimemzaa mimi. Pandisha ukuta."

Kijana alibonyeza kitufe mpaka kidole kikawa cheupe. Ukuta ukapanda kiganja kimoja, ukaguna, ukarudi chini. Akabonyeza tena. Ukaguna tena. Binti akaeleza, machozi yakimlengalenga, kwamba vyumba vingine vimejaa na mafundi wako chini, ardhini. Zilikuwa zimebaki saa sita. Saa sita, mimi na aliyemzaa mke wangu, kitanda kimoja, maua katikati. Nilikitamani kiti changu cha chooni kwa moyo wangu wote.

"Mama," nikasema, "naomba kibanio cha nywele."

Mlango wa lifti ukigoma, mara tisa kati ya kumi mota haina kosa lolote. Ni takataka kwenye reli. Nikapiga magoti, nikatoa zile petali, nikapitisha kidole kwenye mfereji wa ule ukuta. Kweli, kwenye kona kulikuwa na uma mdogo wa keki, ule ulioletewa mimi, umelala kama mwizi. Nikakunja kibanio, nikauvua. Nikafuta reli kwa kitambaa chenye nembo ya shirika. "Bonyeza," nikamwambia kijana. Ukuta ukapanda bila kelele hadi kifuani. Wahudumu wakanipigia makofi.

"Simamisha hapohapo," mama mkwe akasema. Wahudumu wakatoka. Yeye akaegemeza viwiko juu ya ukuta, akanitazama kama jirani anayeongea juu ya ua. Sikuupenda mtazamo ule.

"Dakika ngapi hizo?"

"Zipi, mama?"

"Ulizotumia kutengeneza."

"Labda nne."

"Nne. Na bomba la jikoni la mwanangu lina miaka miwili linavuja. Ndoo iko chini yake, alikuwa akiimwaga asubuhi na jioni. Limekushinda nini?"

Wahenga walisema mganga hajigangi, na mimi nimejificha nyuma ya msemo huo miaka mingi, lakini huwezi kumtajia Mkaguzi msemo akakuachia. Nikasema kweli, kwamba kila nilipopanga kulitengeneza, simu iliita.

Akavua miwani, akaifuta kwenye hariri.

"Nitakwambia jambo, na ukitaka kunichukia nichukie. Jana aliniambia hivi: mama, nenda wewe. Mwambie siji, mwambie niko nyumbani, usiongeze neno. Akigeuka akarudi, nitafungua sanduku langu. Akipanda, nitajua cha kufanya."

Nilihisi ndege imezimika. Injini zilikuwa zinaunguruma vizuri kabisa. Kilichozimika kilikuwa mimi.

"Na nimepanda," nikasema.

"Umepanda. Na mkoba ukanibebea."

"Kwa nini hukuniambia, mama? Neno moja tu!"

Nilimpandishia sauti mama mkwe wangu, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya na wala sikulijutia. Naye hakunikaripia. Alitazama petali nilizokuwa nimezikusanya kando.

"Nina miaka sabini na moja," akasema. "Sijawahi kupanda ndege. Ungegeuka wewe, na mimi ningerudishwa. Nilipokuwa naangalia kucha nilikuwa naomba Mungu upande." Akairudisha miwani usoni. "Nimewafelisha watu kwa makosa madogo kuliko hilo."

Ningeweza kumchukia. Lakini ningeanzia wapi? Sote wawili tulisimama kwenye lile zulia tukawaza kitanda.

"Maili hizi unadhani ni zako?" akaendelea, taratibu sasa. "Kila moja ni usiku ambao yeye alilala peke yake akisikiliza bomba. Yeye ndiye aliyelipa. Halafu tuliolala kwenye kitanda chake ni mimi na wewe."

"Maji yakimwagika hayazoleki," nikasema, maana nilikuwa nimekata tamaa.

"Yakimwagika. Haya bado yanadondoka. Wahi."

Akapandisha ukuta hadi juu. Baada ya dakika kumi nikasikia Mkaguzi anakoroma, mkoromo wa mtu aliyeungama. Mimi sikulala. Nililala chali kwenye kitanda bora kuliko vyote nilivyowahi kugusa, macho wazi, viatu mguuni, nikihesabu saa ambazo ndege ile ilikuwa inanipeleka mbali na mahali nilipotaka kuwa. Nililia kidogo pia. Mto wa hariri haufyonzi machozi, yanateleza tu.

Tulipotua nilimpigia mke wangu mara saba. Hakupokea. Nikamwambia mama mkwe narudi kwa ndege ya kwanza ya asubuhi.

"Nenda. Mimi hoteli si imeshapatikana? Nitabaki hizo siku tano nitubu," akasema, akachukua mkoba wake uliokuwa umenenepa.

Asubuhi kwenye kaunta kilibaki kiti kimoja. Sikuhitaji kuuliza kiko wapi. Karani akaniomba namba ya uanachama aniandikie maili, na ulimi wangu ukaanza wenyewe: nane, nne, nne, moja... Nikaufunga mdomo.

"Basi. Usiandike."

"Utazikosa, bwana. Huwezi kuzidai baadaye."

"Usiandike."

Saa tisa nzima choo kilinihubiria nyuma ya kichwa. Niliposhuka nilipitia duka la vifaa, nikanunua kipira cha bomba na utepe wa kuzibia. Vyote viliingia kwenye mfuko wa shati.

Nilifika nyumbani Ijumaa saa kumi na nusu alasiri. Sanduku lake lilikuwa sebuleni, limesimama, limefungwa, koti juu yake. Yeye alikuwa jikoni anamwaga ndoo.

"Ulipanda," akasema bila kugeuka.

"Nilipanda."

Akairudisha ndoo chini ya bomba. Tone likaanguka, sauti ikawa kubwa kwa sababu ndoo ilikuwa tupu. Nilikuwa nimetunga hotuba nzima kwenye kile kiti, yenye utangulizi na kila kitu. Haikuja hata sentensi moja.

"Nilikosea," nikasema. "Nilikuwa nusu saa tu kutoka hapa, nikapanda."

"Mama yuko wapi?"

"Kabaki anatubu. Kala mayai yangu ya samaki. Halafu anakoroma."

Mdomo wake ukatikisika upande mmoja, akauzuia. "Miaka yote nakwambia anakoroma, ukabisha."

Nikafunga koki kuu, nikavua shati, nikaingia chini ya sinki na spana. Kulikuwa na giza na harufu ya sabuni ya zamani. Nati ilikuwa imeshika kutu, inazunguka robo inagoma. Ndipo simu yangu ikaita mezani. Ijumaa alasiri, bila shaka. Nikaona miguu yake ikienda mezani, ikasimama.

"Ni ofisini," akasema.

"Wako mafundi wengine. Niangalizie tochi iko wapi."

Simu ikaita hadi ikachoka. Miguu yake ikatoka jikoni. Nikasikia magurudumu ya sanduku yakiviringika sebuleni, nikabaki vilevile, spana mkononi, kichwa ndani ya kabati kama mbuni. Nilisema moyoni, basi, ameondoka.

Magurudumu yalikuja upande wangu. Akalilaza sanduku kwenye sakafu ya jikoni, bado limefungwa, akalikalia, akaniwashia tochi.

"Geuza kushoto," akasema. "Huko unakaza."