Vitambaa vya Kuomba

Inshirah alipofungua mlango aliona nyumba yake imeingiwa na wazimu. Magazeti ya zamani yalikuwa yamekatwa yakawa maua, maua yametungwa kwenye uzi, na uzi umevutwa kutoka kitasa cha dirisha mpaka kabati la vyombo. Chini ya maua hayo, zuliani, mkamwana wake Yusra alikuwa amenyoosha miguu akikata mengine, na tumbo lake kubwa amelifanya meza ya kuwekea mkasi. Jua la alasiri liliingia kwa upole, na ndani yake vilielea vile vinyuzi vya pamba ambavyo watu wa Mahalla, mji wa viwanda vya pamba, huvivuta puani tangu kuzaliwa wasivione tena. Kwa muda Inshirah alisimama na kapu lake la mboga, asijue kama ameingia kwake au kwenye ndoto ya mtu mwingine.

Rasha, rafiki wa Yusra kutoka karakana ya kushona, ndiye aliyemweleza, kwa kuwa Yusra alikuwa ameshikilia sindano mdomoni. Ijumaa kutakuwa na sherehe ya mtoto. Wameiona kwenye simu, wanawake wa nchi za mbali huifanya kabla mama hajajifungua. Wataalika wenzao wa karakana na majirani, watacheza michezo, watakunywa juisi ya choya na kula wali wa maziwa. Gharama hakuna, au ipo kidogo tu, maana Wagdi, mume wa Yusra, alikuwa Hurghada kwenye hoteli iliyopungukiwa na wageni, na alichotuma mwezi ule kilikwisha kabla hakijafika. Ndiyo maana maua yalikuwa ya magazeti.

Inshirah aliweka kapu chini. Alisema watoto wa nyumba hii hufanyiwa sherehe siku ya saba, wakiwa wamekwisha kuja na kuonekana.

"Siku ya saba ipo palepale, Mama," Yusra alisema baada ya kutoa sindano. "Lakini siku hiyo mtakuwa mnamtazama mtoto. Mimi nitakuwa nimelala pembeni kama gunia la vitunguu. Hii ni yangu."

Rasha alicheka. Inshirah hakucheka, wala hakugomba. Alimwangalia binti huyu aliyelelewa na shangazi huko Zifta, asiyekuwa na mama wa kumpigia simu hata mguu ukimvimba, akaona kwamba akikataa, sherehe itafanyika nyumbani kwa Rasha, na yeye atabaki na kapu lake la mboga. Akasema atafikiri, akaingia jikoni. Akaanza kuosha mbilingani.

Alikuwa na sababu ya kuhofu, na sababu yenyewe hajapata kumwambia mtu. Kabla ya Wagdi kulikuwa na mtoto mwingine, wa kike. Inshirah wa siku zile alikuwa msichana wa kiwandani, mwenye mshahara wake na kidomodomo chake, na mimba ilipofika miezi ya mwisho alinunua kitambaa kipya cheupe, akashona kila kitu: kofia, soksi, mto, vigauni vya kubadilisha. Mama yake alikuwa amemsihi asifanye hivyo. Mama huyo alikuwa amezika watoto kabla ya kumpata kaka yake Inshirah, na huyo alimpata kwa kuomba. Alipita nyumba hadi nyumba akiomba vipande vya vitambaa kwa majirani, akamshonea vazi la viraka, akamwita Shahhat, yaani mwombaji, ili jicho lolote la husuda likimwona lipite likidhani hana thamani. Shahhat aliishi, akawa mzee mwenye tumbo na kelele nyingi. Lakini Inshirah alimjibu mama yake kwamba mtu anayesokota uzi wa kuvisha nchi nzima hawezi kwenda kuomba matambara. Akawaita wenzake wa zamu, akawafungulia sanduku juu ya kitanda, nao wakapitisha mikono juu ya vile vyeupe wakisifu.

Mtoto alifika siku zake zikiwa zimetimia, na hakulia. Wagdi alipokuja baadaye, alizaliwa pasipo hata leso iliyoandaliwa, akafungwa kwenye shati la baba yake, na akaishi. Mtu mwenye ushahidi wa namna hiyo humbishii. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu, na Inshirah aliitikia amina, lakini moyoni alijua nani aliyejisifu.

Siku zilizofuata alikubali nusu nusu. Aliwasaidia kushona vikaragosi vya kuchezea, ila aliwaacha bila macho. Alifuma kofia ndogo akaiacha wazi utosini. Viatu vya sufi alivitengeneza vya mguu mmoja tu. Rasha alipouliza kulikoni, Inshirah alisema macho yanamchosha, vitakamilika baadaye. Kumbe alikuwa akifanya mapatano na kisichoonekana: hapa hapajaandaliwa mtu, tazama, hata kofia haina juu. Wasichana waliamini ndiyo mtindo mpya, na Rasha akaanza kushona vikaragosi vyake visivyo na mikono.

Ni Jumatano ndipo Yusra alipomtajia zawadi. Alisema hataki watu wajibane kumnunulia vitu. Amewaambia kila mmoja aje na kipande cha nguo aliyokwisha kuivaa, waviunge pale pale viwe shuka la mtoto. Alilisema kwa haraka, kwa aibu kidogo, kama mtu anayeficha umaskini nyuma ya mlango.

"Umewaomba?" Inshirah aliuliza.

"Nimewaomba, Mama. Samahani. Najua si vizuri."

"Umewaomba kwa mdomo wako?"

"Mmoja mmoja." Yusra alimtazama. "Mbona unalia?"

Inshirah alisema ni kitunguu. Hakukuwa na kitunguu. Alikwenda kujilaza, kama alivyozoea saa ile ya joto, na usingizi ukamchukua upesi. Aliota ngazi za jengo lao zimekuwa ndefu, zinapanda zikipotea kwenye ukungu wa pamba, na juu yake wanawake wanapanda kimya, kila mmoja ana kipande cha nguo, na kila mmoja akifika mlangoni kwa Inshirah anakiweka na kuendelea kupanda. Wa mwisho alikuwa mama yake. Hakuwa na kitu mkononi. Alisimama, akamtazama bintiye bila hasira yoyote, kama anayesubiri kuombwa.

Alipoamka alivaa viatu, akajifunga mtandio, akateremka ghorofa ya kwanza na kubisha kwa Mama Hamdi. Walikuwa wamefanya kazi kwenye mashine moja kwa miaka, na Mama Hamdi alikuwa miongoni mwa wale waliopitisha mikono juu ya vile vyeupe. Tangu wakati ule hawakuwahi kulitaja sanduku lile. Mama Hamdi alifungua mlango, akamwangalia juu mpaka chini.

"Mbona unabisha kama mgeni? Umefilisika?"

"Nimekuja kuomba," Inshirah alisema. "Nipe kitambaa, dada. Mjukuu wangu aishi."

Mama Hamdi, mwanamke aliyekuwa na neno la kejeli kwa kila binadamu, safari hii aligeuka tu. Aliingia ndani akarudi na mkasi. Inshirah alidhani ataleta tambara la kabatini, lakini mwenzake aliinama pale pale kizingitini, akashika pindo la gauni alilokuwa amelivaa, la kahawia lenye vijiua, akalikata. Akampa. "Nenda na kwa yule bahili wa juu," alisema. "Usimwache. Akikunyima niite."

Akapanda kwa bahili, na kwa mke wa mwuza chakula cha koshari, na kwa mjane wa jengo la pili ambaye walikuwa wamenuniana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Kote alisema maneno yaleyale, na kila aliposema uso ulipungua kuungua kwa aibu. Mjane alimpa kipande cha pazia, akamwambia hilo la kamba wataliongea siku nyingine. Inshirah alirudi mikono imejaa na magoti yanamuuma, akajisikia mwepesi kama aliyetoka homa.

Ijumaa wageni walikuja baada ya swala, wakavua viatu mlangoni mpaka njia ikazibika. Nyumba ndogo ile ilijaa manukato, wali wa maziwa na kicheko. Kila mmoja alikata uzi wa sufi kwa kukisia unene wa tumbo la Yusra, na nyuzi zilipozungushwa, wa bahili ulikuwa mfupi kuliko zote, jambo ambalo Mama Hamdi alisema halikumshangaza mtu. Walifungana macho wakashindana kuvisha vikaragosi, na Rasha akakivisha chake gauni miguuni. Mtu aliulizia mughati, kile kinywaji kizito cha mzazi, lakini Inshirah alikataa katakata: hicho ni cha aliyekwisha kujifungua, na mpaka hapo watakunywa choya.

Kisha wakakaa duara kuunga shuka. Vitambaa vilikuwa vya kila namna, vya kitani, vya hariri bandia, vya sare ya karakana, na pindo la kahawia lenye vijiua likakaa katikati. Mazungumzo yalipungua, sindano zikaingia na kutoka, na mwanga wa dirishani ukawa wa manjano juu ya mikono yao. Inshirah alitamani alasiri ile isiishe.

Rasha ndiye asiyeweza kukaa kimya. Aliingia jikoni akatoka na kinu cha shaba na mchi wake, akaviweka mbele ya Yusra. Alidai bibi ampigie mjukuu kinu, kama inavyofanywa siku ya saba, amwamuru amsikilize nani na asimsikilize nani.

"Hicho hakipigwi sasa," Inshirah alisema.

"Kidogo tu, Mama," Yusra alisema. "Azoee sauti yako."

Wanawake walisubiri. Inshirah aliushika mchi, ukawa mzito kuliko alivyoujua. Alipiga mara moja, taratibu, na shaba ikalia nyumba nzima. Akapiga tena. "Msikilize bibi yako," alisema, kwa sauti ile ya kuimba inayotumika siku hiyo. "Usimsikilize mama yako, anakata magazeti ambayo sijayasoma." Wakacheka. "Msikilize baba yako akituma pesa. Asipotuma, mzibie masikio."

Wakacheka tena, na mkono ukashika mwendo wake. Chini ya gauni tumbo la Yusra liliruka upande mmoja, wote wakaliona, na Inshirah akaendelea kupiga huku machozi yanamtoka bila kujizuia. "Sikia nyumba yako," alisema. "Sikia watu wako. Usiogope, njoo. Njoo, Wisal, njoo mama, njoo."

Shaba ilinyamaza. Jina lilikuwa limeshatoka, limesimama katikati ya chumba, na hakuna aliyelijua isipokuwa Mama Hamdi, ambaye aliweka sindano yake chini polepole.

Yusra alimwangalia mama mkwe wake. Walikuwa bado hawajachagua jina la mtoto, na hilo halikuwa hata miongoni mwa waliyoyafikiria.

"Wisal ni nani, Mama?"

Inshirah angeweza kusema ni jina lililomjia tu. Wangeamini, na sherehe ingeendelea. Aliuegemeza mchi kwenye kinu.

"Ni binti yangu," alisema. "Wa kwanza, kabla ya Wagdi. Nilimshika kidogo, wakamchukua." Maishani mwake hakuna mtu aliyemwuliza habari za mtoto huyo, na sasa kati ya yote aliyoweza kuyaeleza, moja tu lilimjia mdomoni. "Alikuwa na nywele nyingi."

Yusra alijisogeza kwenye godoro alilokalia, tumbo na yote, akafanya nafasi kando yake, akaupigapiga mto ili Inshirah akae.

"Nyeusi?" aliuliza.

"Nyeusi tititi," Inshirah alisema, akaketi.