Meneja Aliyekalia Maiki

Magari yote kumi na mawili ya kuzolea taka yalikuwa na redio ya upepo ya kuongea na kituo chini ya dashibodi, na kila maiki ilikuwa na kiango chake cha kuitundika, isipokuwa ya gari namba saba. Kiango chake kilivunjika zamani. Dereva wake, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi ambaye wenzake walimwita Bi Gia, alikwenda ofisini mara tatu kuomba kingine, na mara tatu meneja akamjibu, "Cha nini? Iweke kitini. Haina miguu, haitakimbia."

Basi Bi Gia akaiweka kitini.

Asubuhi moja meneja akaamua kupanda naye akague njia. Mungu alikuwa amemjalia nyama, hasa za kukalia. Akajitupa kitini puu, akafunga mkanda, wala hakuangalia kilichokuwa chini yake. Walipopita kona ya kwanza, Bi Gia akaona taa nyekundu ya redio imewaka. Taa ile haiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe cha kusemea, na meneja alikuwa amekibonyeza kwa uzito wake wote. Kituo na magari kumi na moja walikuwa wakimsikia hata akipumua.

Bi Gia akafungua mdomo amwambie. Meneja akamtangulia.

"Nyinyi madereva, kulalamika hamjambo. Mtu anakaa kitini kutwa, halafu anasema amechoka!"

Mdomo wa Bi Gia ukajifunga wenyewe. Shetani alimnong'oneza, naye akampa sikio.

"Kweli, bosi," akasema kwa upole. "Na lile gari jipya atapewa nani?"

"Shemeji yangu."

"Yule aliyegonga lango akirudi nyuma?"

"Lango ndilo lilijengwa vibaya."

Bi Gia akakohoa kuficha kicheko. "Na Mama Mnara je?" Huyo ndiye aliyekaa kituoni akiyaongoza magari yote kwa redio.

Meneja akashusha sauti, kana kwamba kuta za gari zina masikio. "Sauti yake kama bati linaloburutwa juu ya kokoto! Ningemhamisha siku nyingi, ila nikwambie ukweli, namwogopa. Akinitazama juu ya miwani, nasahau nilichoendea."

Robo saa ikapita hivyo, Bi Gia akichokoza, meneja akimwaga. Kituo cha mafuta kilipoonekana mbele, Bi Gia akanyoosha mkono kuizima redio, maana fundi alikuwa amewakataza wasiitumie karibu na pampu. Kasha la redio, lililopata moto kwa kurusha sauti muda wote ule, likamchoma vidole kama sufuria iliyotoka jikoni. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Taa ikiwaka kwake, wengine wote ni mabubu. Aliyeharibikiwa, aliyepata ajali, hakuna wa kumsikia.

"Mbona unazima?" meneja akauliza.

"Tunakaribia mafuta, bosi."

"Vizuri. Angalau wewe unafuata sheria."

Walipojaza tangi na kurudi barabarani, Bi Gia akaegesha. "Bosi, naomba maiki. Umeikalia."

Meneja akajiinua, akaitoa kama kuku aliyeshangaa yai lake. "Tangu saa ngapi?"

"Tangu kona ya kwanza."

Bi Gia akawasha redio. Sauti ya Mama Mnara ikajaa garini. "Namba saba, bati linawaita. Ova." Nyuma yake kituo kizima kilikuwa kikicheka.

Kisha akaingia hewani dereva mkongwe wa namba tatu, Babu Tairi. "Kituo, breki zangu zilikufa hapa mteremkoni. Nimetia mawe chini ya magurudumu, niko salama. Nimeita weee, lakini wakubwa walikuwa na mazungumzo."

Meneja akaitazama taa ya redio, kisha akamgeukia Bi Gia. "Uliiona taa?" meneja akamuuliza polepole.

"Niliiona, bosi."

Meneja alitaka kumsimamisha Bi Gia kazi, lakini barua ingehitaji sababu, na sababu ingehitaji maelezo. Jioni ile ile fundi akafunga kiango kipya. Gari jipya akapewa Babu Tairi, na shemeji akaambiwa asubiri.

Mama Mnara hakumwacha Bi Gia hivi hivi. "Ulinichekesha mpaka machozi," alimwambia, "na nusura uniulie mtu." Wiki nzima Bi Gia alifuta vumbi redio zote kumi na mbili kwa kitambaa kikavu, akakaza antena moja moja.

Alipofika kwa Babu Tairi, akainamisha kichwa. "Nisamehe, Babu."

"Nimeshakusamehe, mwanangu," mzee akasema, akitazama huku na huku. "Ila ulikuwa naye robo saa nzima, ukashindwa hata kumuuliza habari za likizo zetu?"