Viti vya Chumba cha Dripu

Mama Pasi alijua kuna jambo pale tu alipoyaona mashuka. Yalikuwa yametandikwa kwenye viti vya kulalia vya chumba cha dripu, meupe pe, mikunjo ya dukani bado imesimama. Mtu aliyekula ujana wake akizipiga pasi nguo za watu hadanganyiki: mashuka yale hayakuwahi kuonja maji.

"Leo kuna ugeni," alimwambia wifi yake.

"Au wamekosea mlango," wifi akajibu, akitua kikapu chenye chupa ya chai. "Shuka jipya katika hospitali hii? Mimi silijui."

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu mumewe, na kwa miaka mingi wawili hawa hawakuwa wakiiva chungu kimoja. Lakini tangu Mama Pasi alipokatwa titi, wifi ndiye aliyekuwa akimgongea mlango alfajiri kila siku ya kliniki, akilalamika njia nzima kuhusu magoti yake, nauli iliyopanda na foleni. Watoto wa Mama Pasi walikuwa mbali. Wateja nao walipungua mmoja mmoja. Kuna waliosikia kwamba kansa inaambukiza kupitia nguo, wakaja kuchukua mashati yao yakiwa bado mabichi.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini pamoja na wenzao. Mzee Breki alikuwepo, dereva mstaafu wa malori, shati limempwaya kama la kuazima.

"Habari ya dawa?" Mama Pasi alimuuliza.

"Dawa haijambo. Iko njiani inakuja, kama kawaida yake. Sijui ni njia gani hiyo isiyo na mwisho, na mimi barabara nazijua zote."

Watu wakacheka, kwa sababu ilikuwa ama kucheka ama kulia. Ilikuwa kliniki ya tatu sasa dawa haipo. Duka la dawa la ng'ambo ya barabara lilikuwa nayo, imepangwa nyuma ya kioo, lakini bei yake ilikuwa ya kuangalia tu. Daktari aliyemfanyia upasuaji alimwonya Mama Pasi kwa sauti ya upole: dozi hizi hazirukwi, mama, ukiruka huu ugonjwa unapata nafasi. Alikuwa ameitikia. Hakuna aliyemwambia mgonjwa afanye nini iwapo anayeruka dozi ni hospitali.

Sista akatokea. Huyu ndiye aliyewafundisha kumumunya barafu ili vidonda vya mdomo vipungue. Zamani, kila Alhamisi mchana, aliwakusanya katika chumba kile wazungumze wagonjwa kwa wagonjwa, walie wanaotaka kulia, waulize yale wanayoona aibu kumuuliza daktari. Halafu chumba kikajazwa madawati mabovu na makabati, kikawa stoo, na kikao kikafa. Dripu zikawa zinatundikwa ukumbini kwenye misumari. Leo makabati hayakuwepo. Sista mwenyewe hakuwa na uso wa kuwatazama watu.

"Shikamooni," alisema. "Katibu ana maneno na ninyi."

Katibu wa hospitali alikuja nyuma yake, tai imekaza shingo, simu mkononi. Hakuwa mtu mbaya wa kuonekana kwa macho. Aliwaamkia wazee, akawauliza hali zao, kisha akaingia kwenye hoja.

"Mama zangu, baba zangu. Leo tunapokea wafadhili. Ndio waliotoa viti hivi na mashuka. Wanataka kuona huduma inavyotolewa. Tunaomba wachache wenu waingie, wakae, wawekewe dripu, wapigwe picha mbili tatu. Wengine watatupisha kidogo kule nyuma, karibu na jiko."

"Kwani dawa imekuja?" Mama Pasi aliuliza.

"Itakuja."

"Sasa kwenye dripu kuna nini?"

Katibu akamtazama sista. Sista akatazama sakafu. "Maji ya chumvi," akasema.

"Hayana madhara," katibu akadakia. "Yanaongeza nguvu. Mkinisaidia leo, dawa ikifika majina yenu ndiyo ya kwanza. Na wafadhili wakiondoka na picha mbaya, chumba kinafungwa. Tutakuwa tumepata faida gani?"

Mama Pasi aliwaza kuhusu mkono wake. Mishipa yake ilikuwa imechoka. Dawa za mwanzo ziliikausha ikawa migumu kama kamba ya kuanikia nguo, na umebaki mmoja tu wa kutegemewa, nyuma ya kiganja. Sista aliujua. Alimvuta pembeni.

"Mama, nitakubandikia plasta tu. Sitakuchoma."

"Yupo daktari kati ya wageni," katibu alisema, maana masikio yake yalikuwa makali. "Ataangalia kama matone yanashuka. Tusiaibishane."

Mama Pasi akaingia. Alitaka chumba kisifungwe, na hilo ndilo alilojiambia alipokuwa akilala kwenye kiti na kunyoosha mkono. Sista alichoma mara ya kwanza akakosa. Mara ya pili akapata, na macho yake yakawa yamelowa. Mzee Breki aliwekwa kiti cha pili, kando yake mama mmoja kijana aliyejifunika kitambaa kichwani. Wengine walisindikizwa nyuma ya jengo, kwenye moshi wa jiko, na mlinzi akasimama kona ile ili wasirudi mapema. Wifi aligoma kwenda. Alisema yeye ni mashine ya kumtembeza mgonjwa, na mashine haiachwi nje. Wakamruhusu asimame ukutani.

Wageni waliingia na harufu ya manukato. Mama mmoja wa makamo, miongoni mwao, aliinama hadi kwa Mama Pasi, akamshika bega kwa upole wa kweli.

"Pole sana, mama. Dawa inakuchosha?"

Katibu alifungua mdomo, lakini Mama Pasi alimtangulia.

"Haichoshi. Ni maji tu haya."

Yule mgeni akacheka kwa huruma. "Jasiri huyu! Mnaona? Anasema ni maji tu!" Wenzake wakatabasamu. Daktari wao aliangalia matone, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kamera ikamulika. "Picha hii itafika mbali," mgeni alisema, akambonyeza bega tena, wakaenda kuangalia tangi la maji.

Mama Pasi alibaki akitazama mlango. Ukweli ameusema kwa mdomo wake mwenyewe, kwa lugha yake, mbele ya watu wazima, nao wameupokea kama mzaha.

Magari yalipokwisha kuondoka, katibu alirudi peke yake. Tai ilikuwa imelegezwa.

"Ahsanteni sana, mmetutoa kimasomaso. Sista, watoe dripu, kunja mashuka, chumba kifungwe. Dawa ikija mtapigiwa simu."

Mzee Breki alianza kutafuta viatu vyake kwa mguu. Mama Pasi hakutikisika.

"Mimi siondoki," alisema.

"Mama, tumemaliza."

"Mmemaliza ninyi. Mimi nimeitwa kwenye kiti cha matibabu, nimechomwa sindano ya matibabu. Nangoja matibabu."

"Wifi," wifi yake alinong'ona, akimkaribia, "usilete mambo. Twende nyumbani, hawa watakufuta kwenye orodha uje uhangaike."

Mama Pasi hakubishana naye. Aliushika mkono wa wifi, akauingiza chini ya kwapa lake, akauacha pale. Vidole vya wifi vilipapasa, vikasimama. Kulikuwa na kitu pale, kigumu, kidogo kama punje ya haragwe.

"Tangu lini?" wifi aliuliza.

"Tangu dawa ilipokosekana mara ya pili."

"Na hukuniambia? Mimi ninayekuamsha kila siku?"

"Ungelia njia nzima. Magoti yako yanatosha."

Wifi hakulia. Alikivuta kiti cha plastiki kilichokuwa pembeni, akakaa juu yake kwa uzito wake wote, kikapu akakipakata.

Mzee Breki akaviacha viatu. "Mimi pia breki zangu zimeshika," alisema, akajilaza.

"Sista!" Katibu alipandisha sauti. "Nimesema watoe dripu."

Sista alisimama katikati ya chumba. Kila mtu alijua kwamba mkataba wake ulikuwa mezani kwa katibu, ukingoja sahihi. Alikwenda kwenye chupa ya dripu ya Mama Pasi, akapunguza kasi ya matone.

"Haijaisha," alisema. "Nikiwatoa sasa nitakuwa nimekatisha matibabu. Labda uniandikie kwamba haya hayakuwa matibabu, ndipo niwatoe."

Katibu hakuandika kitu. Mlangoni walikuwa wameanza kurudi wale wa jikoni, macho mekundu kwa moshi, wakiuliza kulikoni, wakielezwa kwa sauti ndogo, wakiingia. Aliyekosa kiti aliketi sakafuni. Katibu alitoa funguo mfukoni.

"Saa kumi nafunga mlango huu. Nitafunga, wallahi."

"Funga," Mama Pasi alimwambia bila hasira. "Tupo ndani."

"Ila dirisha utuachie, baba," wifi akaongeza, akimimina chai kwenye kifuniko cha chupa. "Humu joto."

Kuna aliyecheka. Katibu aliwatazama, akatazama simu yake, akatoka akizitikisa funguo, na nyayo zake zikasikika mpaka mwisho wa ukumbi. Hakuna aliyejua amekwenda kumwita nani, mkubwa wake au mlinzi.

"Sasa, na dawa isipokuja?" Mzee Breki aliiuliza dari.

Mlangoni alikuwa amebaki mama mmoja aliyechoka, amejishikiza kwenye fremu. Mama Pasi alikunja miguu yake, akalipapasa shuka jipya kwa mkono usio na sindano, akamwonyesha nafasi iliyopatikana.

"Njoo ukae," alisema.