Trela la Kumlaza Mazin

Mtaa mzima wa Aziziya, Jeddah, ulicheka Muhsin alipoliburuta trela lake kutoka Riyadh na kulikwamisha kwenye kona ya msikiti. Lilikuwa refu kupita busara. Mbele lina jiko, meza, benchi la godoro, kitanda cha watu wawili na choo. Nyuma, ng'ambo ya ukuta wenye mlango mmoja, lina banda tupu la kuingizia dababu, zile pikipiki za magurudumu manne ambazo watu hupandia vilima vya mchanga. Ukuta wa mwisho wa banda unashushwa kwa minyororo ukawa daraja la kupandishia. Sasa fundi viyoyozi wa miaka sitini, mwenye magoti mabovu, ambaye hata baiskeli hakuwahi kuimudu, dababu anazitakia nini? Watu walimuuliza, naye akawajibu kwamba siku hizi anapenda jangwa. Mwongo. Jangwa alilichukia. Trela lilinunuliwa kwa sababu ya ulimi wake.

Muhsin alizaliwa hapo hapo Jeddah, lakini hasira ilitoka Unguja, kwa baba aliyekimbia mwaka wa mapinduzi na kuishi umri wake wote uliobaki akigombana na redio. Katika ndoa yake na Samia, Muhsin alikwisha kumwacha mara mbili. Talaka ya kwanza ilimtoka kwa ajili ya shemeji aliyekuja kuhiji na akasahau kurudi kwao. Ya pili ilikuwa kwa ajili ya rimoti ya televisheni, na hiyo hata watoto waliicheka. Mara zote mbili alimrejea mkewe kabla eda haijesha, akilia kuliko yeye. Lakini mume amepewa talaka tatu, hakupewa nne. Ikitoka ya tatu hakuna tena kurejea. Mke huwa mtu kando, kama wanawake wengine wanaopita njiani.

Samia ile talaka moja iliyobaki aliiita yai. "Lishike vizuri, Baba Mazin," alikuwa akimwambia huku anampakulia wali. "Likivunjika hatuna jengine."

Na Muhsin alilishika vizuri miaka mingi, mpaka Mazin, kitinda mimba wao, alipoacha kazi ya benki akaenda Riyadh kukodisha dababu kwa watoto wa matajiri. Alirudi nyumbani kuwaeleza wazee wake, amechomwa na jua, anacheka, mchanga umejaa masikioni. Muhsin aliona miaka yote ya kupanda mapaa ya watu na kubeba viyoyozi mgongoni imemwagwa jangwani. Akasimama, akaapa mbele ya birika la chai.

"Mazin akilala kwangu tena, mchana au usiku, basi mama yake nimemwacha."

Ulimi hauna mfupa. Mazin aliviokota viatu vyake na hakuvivaa mpaka alipofika chini barabarani. Samia alimaliza kumimina chai, vikombe vitatu, na hakuna aliyekunywa.

Jeddah na Riyadh si jirani. Mtu hawezi kuendesha gari kutwa nzima, akanywa chai kwa mama yake, kisha akageuza. Mazin alijaribu mara moja. Alikuja Idi, akala, akaaga, na asubuhi Samia alipofungua dirisha alimuona amelala ndani ya gari lake mbele ya nyumba, kakunja miguu, mdomo wazi. Siku ile ile alimkataza asije tena. Kuanzia hapo akawa anamuona kwenye simu tu, na simu ikikatika anabaki ameishika.

"Nenda wewe Riyadh, mfikie hotelini," Muhsin alimwambia.

"Siendi peke yangu kama mjane. Mie nataka tulale sote watatu pamoja, kama watu. Basi. Sina jengine ninalotaka duniani."

Hapo ndipo Muhsin alipokwenda kwa shekhe. Shekhe alikuwa mtu mpole, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu. Siku ile alipoapa, alikusudia nini? Alikusudia nyumba ile wanayokaa, au alikusudia kwamba mwanawe asilale pahala popote pake? Kwa sababu kiapo, shekhe alisema, kinafuata nia, na nia aijuaye ni mwenyewe na Mola wake.

Muhsin aliijua nia yake. Ilikuwa bado ipo, kavu na safi, kama alivyoiacha. Siku ile hakukusudia kuta za Aziziya. Alikusudia: popote nitakapopaita pangu, huyu asilale, mpaka nife. Alikusudia kwa moyo wote, kwa sababu mtu mwenye hasira ndiye mtu mwenye nia kubwa kuliko wote.

"Nilikusudia nyumba, shekhe," alisema. "Hiyo ya Aziziya tu."

"Basi pengine hapana neno."

Alirudi kwa Samia na jibu hilo, na lile swali la nia, na Samia alisujudu pale pale jikoni, mikono ina unga. Angewezaje kumwambia baada ya hapo? Akawa anatafuta namna ya kuufanya uwongo wake uwe kweli; hata chumba cha hoteli, akikilipia yeye, ni pake. Akaliona trela lile kwa mtu mmoja Riyadh aliyechoka nalo, na akili yake ikashika ule ukuta wa katikati. Mazin atalala bandani, na dababu zake, na lango lake mwenyewe la kutokea. Yeye na Samia watalala mbele, mlango wa ukutani umefungwa. Banda la pikipiki si nyumbani kwa mtu. Aliye ng'ambo ya ukuta ni jirani. Alijirudia hivyo mpaka akaanza kuamini, na mtu akitaka kuamini haangalii sana anachoamini.

Waliondoka Jeddah majira ya baridi, jangwa linapokubali watu. Samia hakuwa mtu wa safari, lakini siku ile aliimba kutoka Taif mpaka karibu na Riyadh. Alichukua samaki aina ya changu waliogandishwa, nazi ya kopo, mkeka wa Unguja wa marehemu mkwewe, na mto wa Mazin wa utotoni. Walifika pale Mazin alipowaelekeza, bonde lenye miti mitatu ya miiba na vilima vyekundu nyuma yake, na familia nyingine zimepiga mahema kwa mbali. Muhsin alipiga jeki trela likakaa sawa, akaliwasha jenereta, akafungua maji. Mambo ya mafundi alikuwa akiyaweza. Samia alipanda ngazi, akagusa kabati moja moja, akafungua bomba likatoa maji ya moto, akacheka peke yake.

Usiku wa kwanza walilala wawili, Mazin akiwa bado kazini. Asubuhi Samia aliamka uso umechanua.

"Unajua nini, Baba Mazin? Tangu unioe tumekaa nyumba za watu. Kila mwaka mwenye nyumba anagonga mlango. Jana ndio mara ya kwanza mie kulala kwetu."

Muhsin alikuwa anakunywa kahawa. Hakuisikia tena ladha yake. Nyumba ya Aziziya ilikuwa ya kupanga. Katika umri wake wote, paa la kwanza lililokuwa lake, la kununua, ni hili hapa.

"Mazin atalala bandani," alisema.

"Nshasikia. Umeyasema hayo njia nzima."

"Mlango wa kati utafungwa."

"Haya, fundi wangu. Ufunge na kufuli ukitaka." Alidhani ni ile tabia yake ya kutaka kila kitu kikae pahala pake.

Mazin alifika kabla ya adhuhuri, kwenye gari la kazini lenye dababu mgongoni. Alikuwa amekonda, na chini ya macho pana weusi. Ilikuwa msimu, watu wanapanda dababu mpaka alfajiri, na yeye hakugusa kitanda tangu juzi. Mama yake alimkumbatia hakumwachia, akawa anamnusa shingo kama mtoto mchanga. Baba yake alisimama pembeni na bisibisi mkononi. Kisha akasema, "Lilete dude lako tuliingize," na huo ndio ulikuwa msamaha. Kwa Muhsin yalikuwa maneno mengi.

Walishusha lango la nyuma. Mazin alilipandisha dababu polepole, na wote wawili wakainama kulifunga kwa mikanda, mmoja huku, mmoja kule. Mazin alimuonyesha baba yake jinsi ya kukaza mkanda usikwaruze. Muhsin alijua kukaza mkanda kabla Mazin hajazaliwa, lakini alijifanya anajifunza. Mikono yao iligusana kwenye chuma. Alitamani aseme kitu, na angekisema, kama angekijua. Badala yake alimuonyesha mwanawe kitanda cha kukunjua alichokifunga bandani, juu ya dababu, na blanketi jipya.

"Hapa ndipo pako," alisema.

"Panafaa, baba," Mazin alisema.

Walikula samaki wa kupaka kwenye mkeka, wakala mpaka mwiba wa mwisho, na Mazin alimchekesha mama yake kwa habari za mwana wa tajiri aliyelia dababu lilipozimika. Muhsin alicheka pia. Aliiona siku yake ile kuwa ni siku njema, na akaanza kumshukuru Mungu kimya kimya. Ndipo akasikia maji yanachuruzika chini ya trela, akaenda kukaza bomba. Alilala chali mchangani, akafanya kazi yake kwa raha, bila haraka. Juu yake alisikia miguu ya Samia, kisha ya Mazin, kisha hakusikia kitu.

Alipopanda ngazi huku anajifuta mikono, Mazin alikuwa amelala kwenye benchi la mbele, upande wa meza, kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake. Alikoroma kidogo. Mto wa utotoni ulikuwa chini ya mkono wake. Samia aliweka kidole mdomoni.

"Mwamshe," Muhsin alisema.

"Sssh. Ndio kwanza kapitiwa."

"Samia, mwamshe aende bandani."

"Banda linanuka petroli. Mtoto kachoka." Alikuwa bado anatabasamu. "Una nini wewe? Si shekhe kasema ni nyumba ya Aziziya tu?"

Muhsin alisimama mlangoni, mikono imelowa, anamwangalia mwanawe anavyopumua. Hata akimwamsha sasa, amekwishalala. Lililokuwa limekuwa. Angeweza kusema ndiyo, shekhe kasema. Neno moja jepesi, na tayari alikwisha kulisema mara moja. Lakini alikuwa akimwangalia Samia usoni, na mbele ya uso ule hakuweza kuupitisha uwongo mara ya pili.

Tabasamu la Samia liliondoka polepole.

"Muhsin," alisema. Hakusema Baba Mazin. "Siku ile ulikusudia nini?"

Jenereta lilikuwa likinguruma nje. Samia alingoja. Alimjua mtu huyu. Kila alipotaka kukana jambo alipiga kelele, na aliponyamaza ndipo alipokuwa anakiri.

"Ntakwenda tena kwa shekhe," Muhsin alisema mwisho. "Ntakwenda kwa mwengine. Hapa Riyadh wako wengi."

"Ukamwambie nini?"

Muhsin alishika fremu ya mlango. Alitaka kulia kama alivyolia zile mara mbili, lakini machozi yale yalikuwa ya kumrejea mtu, na sasa hapakuwa na pa kurejea.

Samia aliinamisha kichwa. Chozi lilimdondokea Mazin kwenye nywele, akalifuta kwa kidole asije akaamka. Mwanawe alikuwa amelala, yeye yupo, baba yake yupo, wote watatu pamoja, kama alivyotaka. Kisha mkono wake ukapapasa begani, ukaikuta kanga iliyokuwa imemshuka tangu wanakula, akaivuta juu. Akafunika nywele, akafunika shingo, akaibana vizuri chini ya kidevu, kama alivyokuwa akijifunika kila mgeni mwanamume alipobisha hodi. Mbele ya Muhsin hakuwahi kufanya hivyo tangu usiku wa harusi.

"Nenda kakae nje," alimwambia kwa sauti ya chini, macho yapo sakafuni. "Na mlango uache wazi."