Nyumba ya Bibi Yaelea Rujewa

Nyumba ya kwanza niliyomjengea bibi yangu ilizama kwenye beseni la kufulia, mbele ya mashahidi wawili. Ilikuwa ya vipande vya mbao juu ya chupa tupu za maji, na ndani yake nilipanga betri za redio ziwe samani. Lutengano, fundi wa kuchomelea ninayefanya naye kazi pale Uyole, alivua kofia kwa heshima ya marehemu. Bibi Mwanakhamisi, aliyejikunja kitini ndani ya masweta mawili, alichungulia beseni kwa makini.

"Mimi nilikuwa chumba gani?" akauliza.

Tulicheka sote, ingawa mimi nilicheka huku nikihesabu majuma. Nyumba halisi ya bibi iko upande wa Kilwa, kwenye kijiji ambacho bahari imekuwa ikikisogelea bila kubisha hodi. Mwaka juzi ilichukua minazi ya mbele. Mwaka jana ilichukua choo. Mwaka huu, maji makuu ya bamvua la mwezi wa tatu yaliingia jikoni na kutoka na mafiga yote matatu, na baba yangu, Mzee Mrisho, akaenda kumleta bibi Mbeya, nusura ambebe mgongoni.

Mbeya bibi alienziwa kama malkia na kuteseka kama mfungwa. Baridi ilimwingia mpaka kwenye meno. Aliamka, akanywa chai, akatazama ukungu, akasema milima imekaa karibu mno na watu. Hatimaye alitangaza kwamba mwezi wa saba anarudi kwake, na anayetaka kumzuia atafute kamba ya kumfunga. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kabla ya bamvua la mwakani ukuta wa mbele huenda usiwepo.

Basi mimi Nusrat, ninayechorea watu wa milimani nyumba zinazochimbiwa msingi kwenye miteremko, nikajitwisha kazi ya kuchora nyumba isiyo na msingi kabisa: nyumba ambayo bahari ikipanda, nayo inapanda. Juu ya paa sola. Chini ya paa mifereji ya kukinga mvua na tangi la kuihifadhi. Mchicha na bamia kwenye mabomba yaliyopasuliwa kati. Choo kinachogeuza uchafu kuwa mbolea, na gesi ya kupikia kutoka kwenye mabaki ya jikoni. Nilichojivunia kuliko vyote ni kwamba mwenye nyumba hiyo hangemhitaji mtu yeyote kwa lolote. Miaka mitano nilikuwa nikipiga simu Kilwa kuomba majirani wamchotee bibi maji, wamnunulie mafuta ya taa, wamtazame kama ameamka. Nilichoka kuomba, na kwa kweli niliona haya.

Bibi alinisikiliza, kisha akaweka sharti lake. "Nitakaa ndani siku moja, asubuhi mpaka jioni. Nikiipenda, nitahamia. Nisipoipenda, mtanirudisha kwenye ukuta wangu, na asinifuate mtu tena."

Baba aliniangalia. Nikakubali kwa niaba ya ukoo mzima.

Tuliiunga nyumba Rujewa, kwenye bwawa la kumwagilia la Gideoni, mkulima wa mpunga aliyemwoa Esnath, dada yake Lutengano. Mbao za paina tulizifuata Nyololo, tukazilaza juu ya mapipa ya plastiki arobaini. Kila kiungo kilikuwa cha nati, ili nyumba ifunguliwe, ipakiwe kwenye lori na kufungwa upya Kilwa. Lutengano alizungusha mstari mwekundu kwenye mapipa. Maji yasivuke hapo, alisema, na mimi nilikuwa nimepiga hesabu mara saba kuhakikisha hayatavuka.

Siku ya jaribio, mwezi wa sita, Lutengano alitupeleka mimi na bibi kwa pikapu yake. Bibi aliivua Mbeya kipande kwa kipande: Uyole kofia ya sufu, Igurusi sweta la juu, Chimala sweta la chini. Tulipoingia Rujewa, jua likiwaka juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, alikuwa amebaki na kanga zake na sauti yake.

Alivuka ubao wa kuingilia bila kushikwa mkono. Akapiga sakafu kwa kisigino. Akafungua madirisha yote, akayafunga, akayafungua tena. Nilimfuata nyuma kama mtahiniwa.

"Sufuria kubwa naiweka wapi?"

"Jiko ni la sufuria ndogo mbili, bibi. Nimepigia hesabu watu wanne."

"Akija wa tano?"

"Atakuja kufuata nini? Wewe utakuwa na kila kitu."

Alifungua bomba. Maji yakatoka, safi, ya mvua. Nilingoja asifu, maana bomba lile lilikuwa limenikosesha usingizi kuliko kitu chochote. Aliyaacha yapite kwenye vidole vyake.

"Kwa hiyo sitakwenda tena kisimani kwa Bi Amna," akasema.

"Hutahitaji, bibi."

"Ehe." Akafunga bomba, akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwa karibu na dirisha. "Nyumba nzuri, mke mwenzangu. Mtu aliyegombana na watu ataishi humu kwa raha zake."

Niliumia. Sikuumia kwa sababu amenionea. Niliumia kwa sababu nilitazama chumba kile, kiti kile kimoja, jiko lile la sufuria mbili, nikaona amesema kweli, na mbao zilikuwa zimekwisha kukatwa. Nikatoka nje, nikajifanya nakagua kamba. Saa tano asubuhi, na tayari nilijua jibu la jioni.

Wala sikujua kwamba Esnath alikuwa na mipango yake. Nilikuwa nimemwomba atupikie wali sisi watano basi. Lakini Esnath ni mtu wa Tukuyu aliyehamia bondeni, na kwake nyumba mpya haifunguliwi na watu watano, tena kimyakimya, kama wanaiba. Alikuwa amewaambia akina mama wa kwaya yake. Nilisikia kwanza ngoma, kisha nikawaona wakija juu ya tuta la shamba, wanawake thelathini na zaidi, vitenge sare, na kila mmoja na mzigo: mchele mpya kwenye ndoo, mikungu ya ndizi, viazi, kuku wawili waliokuwa wakipinga safari. Mbele alitangulia mwalimu wao, Mama Tekla, mwanamke mpana mwenye filimbi shingoni.

"Ugonile, bibi!" Esnath alipaza sauti.

"Marahaba!" bibi akaitika kutoka dirishani, asijue hata silabi moja ya Kinyakyusa, na pande zote mbili zikaridhika.

Kabla sijafungua kinywa walikuwa wamekwisha kuvuka ubao. Waliweka mizigo jikoni, maana zawadi ya nyumba mahali pake ni jikoni, na jikoni kulikuwa upande wa kushoto. Kisha wakajipanga kumwimbia mwenye nyumba, naye alikuwa ameketi huko huko.

Lutengano alinivuta mkono. "Dada Nusrat. Mstari hauonekani."

"Mstari gani?"

"Ule mwekundu. Umeshazama. Nyumba imelalia kushoto kabisa."

Nilikuwa nimepima mbao, betri, maji ya tangi, hata udongo wa mchicha. Kwenye karatasi zangu zote hapakuwa na mgeni hata mmoja. Nani wa nyanda hizi amewahi kuona nyumba mpya isiyofunguliwa kwa umati? Mimi niliyezaliwa na kukulia Mbeya, niliyekula pilau na ndizi kwenye nyumba mpya zisizo na idadi, ndiye niliyesahau.

"Jamani, naomba nusu yenu mshuke!" nilipiga kelele, lakini Mama Tekla alikuwa amekwisha kupuliza filimbi.

Kwaya za kwetu haziimbi zimesimama. Hatua kulia, hatua kushoto, goti, kofi. Miguu zaidi ya sitini ilikwenda kulia, na nyumba ikaenda. Ilipokwenda kushoto, nyumba ikaenda zaidi. Sufuria ikaanguka. Kuku mmoja akaruka dirishani, akaogelea kwa namna yake mpaka ukingoni. Bwawa lilikuwa la kufika kifuani, kwa hiyo hakuna ambaye angekufa. Ambayo ingekufa ni nyumba, mbele ya macho ya mtu mmoja niliyetaka aipende. Maji yalianza kulamba sakafu ya jikoni. Nilishika nguzo, machozi yananilenga.

Ndipo bibi akasimama.

"Nyie!" Sauti ile ilikuwa imeshinda mawimbi miaka sabini na tano, kwaya haikuiweza. Filimbi ikadondoka kinywani mwa Mama Tekla. "Nyimbo zenu sizijui. Lakini miguu naijua. Nimecheza lelemama, ngoma ya kina mama wa pwani, miaka ishirini, na safu yenu imevurugika. Wewe, na wewe, na wote wa nyuma yako, nendeni upande ule. Na ndizi zenu. Mtazamane. Mkija katikati, mje wote. Mkirudi nyuma, mrudi wote. Asiende mtu kulia wala kushoto, nani kawafundisha?"

"Mimi, bibi," akasema Mama Tekla.

"Basi simama hapa kati na mimi, tufundishane."

Wakagawanyika safu mbili zinazotazamana, mikungu ikahamishwa mkono kwa mkono, na nyumba ikajiinua taratibu mpaka ikakaa sawa. Bibi akahesabu kwa vidole. Wakaanza. Safu zikaja, zikarudi, zikaja, na nyumba, badala ya kuyumba, ikawa inapanda na kushuka kidogo mahali pale pale, na maji ya bwawa yakatoa duara moja baada ya jingine hadi kwenye tuta alikosimama Gideoni akipiga makofi. Bibi alikuwa katikati, kanga moja kiunoni, mabega yake yakicheza lelemama ndani ya wimbo wa kanisa. Tangu afike Mbeya sikuwahi kuona meno yake namna ile. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lutengano akaniambia mstari bado uko majini kiganja kizima, nikamwambia uache ukae huko.

Walikula wali kwa zamu, safu kwa safu, ili mizani isiharibike. Jua lilipoanza kupungua makali waliaga, mmoja mmoja, kila mmoja akikumbatiwa. Nyumba ilizidi kuwa nyepesi, na mimi nikazidi kuwa na hofu. Jioni ilikuwa imefika.

Bibi aliketi kizingitini, miguu ikining'inia juu ya maji.

"Nyumba yako ndogo," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Itie baraza pana. Pande zote mbili, isije ikalala tena. Na jiko la sufuria ya watu."

"Itahitaji mapipa mengine mengi."

"Sikukuuliza mapipa." Akanyoosha mkono. "Nipe simu. Nipigie Anwari."

Anwari ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mvuvi mstaafu aliyekuwa akimchotea maji kila nilipoomba. Nilidhani anataka kumwambia kwamba anarudi, na kwamba hatakaa tena kwenye ule ukuta. Nilingoja neno hilo kwa hamu. Bibi hakusalimia hata.

"Anwari, hapo kijijini bado wamebaki nani? ... Sema polepole. ... Amna yupo? Anataka kuhamia kwa mwanawe? Mwambie asihame kwanza. Mwambie nimesema mimi. ... Na wa kwa Ibrahimu? ... Na yule mama wa watoto pacha?"

Alirudia kila jina kwa sauti, akinitazama, kama anayemsomea karani. Nilitoa penseli nyuma ya sikio. Upande wa mbele wa karatasi yangu kulikuwa na mchoro wa nyumba yangu moja, peke yake, na maji pande zote. Nikaigeuza karatasi upande mweupe, nikaanza kuchora kijiji, kwanza kisima cha Bi Amna.