Magunzi ya Jumamosi

Mukami hakuwa mtu wa kuomba ruhusa. Kisiagi cha kusaga mahindi alichoachiwa na baba yake, mzee Waithaka, katika eneo la viwanda la Kitale alikiendesha alivyotaka, na waliompenda walimpenda pamoja na mdomo wake. Lakini umeme haukuwa jambo la mdomo. Ukitaka kuzalisha stima yako mwenyewe, hata ya kuzungusha kisiagi kimoja, ni lazima upitie kamati ya mipango ya kaunti, ubandike tangazo getini, na majirani waje waseme kama wanautaka mtambo wako au hawautaki. Mukami alilipigilia tangazo lile kwa misumari mirefu, asije mtu akalibandua akafungie mandazi.

Alikuwa na sababu. Msimu wa mavuno, trela za mahindi zikiwa zimepanga foleni hadi barabarani, ndipo stima ilipopenda kupotea. Wateja walisubiri, wakapiga miayo, kisha wakaanza kuhamia kisiagi kikubwa cha dizeli upande wa pili wa mji, na mteja akishazoea kwingine kumrudisha ni kazi. Msimu huu ukipita kama ule uliopita, Mukami angefunga milango. Alilijua hilo na hakumficha mtu.

Dawa aliipata Bungoma. Eliakim, fundi mwenye karakana kwenye barabara ya kwenda Kibabii, alikuwa ameunda mtambo unaochoma magunzi ya mahindi polepole, kwa hewa kidogo, mpaka yatoe gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoendesha jenereta. Mukami alienda kujionea. Mtambo ukiwa umewashwa, aliweka kikombe chake cha chai juu ya kifuniko cha jenereta, akainama kutazama. Chai ilitetemeka kidogo, basi. Haikumwagika hata tone.

"Hii haina kerere, madam," Eliakim alisema, mikono mfukoni kama mwenye ng'ombe wa maonyesho. "Na moshi ni kidogo kuriko jikoni ya mama yangu."

"Mama yako si anapikia nje?"

"Si ndio nasema, bana."

Mukami alicheka, akainywa ile chai, akamwambia aanze kuunda wake. Magunzi alikuwa nayo tele. Nyuma ya kisiagi kulikuwa na mashine ya kupukuchua, na kila wiki ilitapika rundo la magunzi lililofika paa la banda. Alirudi Kitale akijiona ameshashinda.

Siku ya kikao, hema la kukodi lilisimamishwa uani kwa Mukami. Aliagiza chai kwa Wilkista, mama anayeuza chai na chapati kando ya geti lile lile, maana alijua kuwa mtu akiwa ameshika kikombe cha moto hupunguza sauti. Mchungaji wa kanisa lililo nyuma ya ukuta aliomba, akaombea kaunti, akaombea mvua, akajiombea na yeye utulivu wa ibada, na watu wakaitika amina kwa kutazamana. Kisha Kiptum, afisa wa mipango aliyetumwa na kaunti kuongoza kikao, akafungua maswali.

Mukami alijibu moja baada ya jingine. Mchungaji aliuliza kuhusu kelele, akaambiwa mtambo hautawashwa saa za ibada, na siku nyingine aje aweke kikombe juu yake ajionee. Mwenye karakana ya magari aliuliza kuhusu moto, akaonyeshwa mapipa ya mchanga na mahali ukuta wa matofali utakapojengwa. Jirani wa kushoto aliuliza kuhusu moshi, na Eliakim, aliyekuwa ameletwa kwa kazi hiyo, akalieleza bomba la moshi kwa urefu mpaka jirani akaomba akae chini. Kila mtu alikuwa na chapati mkononi. Mambo yalikuwa yanateleza.

"Na hayo magunzi," Kiptum akauliza, kalamu tayari, "yatatoka wapi?"

"Hapa hapa," Mukami alisema, akinyoosha mkono kuelekea bandani. "Ni taka tu, Bwana Kiptum. Hazina mwenyewe."

Nyuma ya hema, wanawake waliokuwa wakiongea chini kwa chini wakageuka kumtazama. Wilkista aliinuka, birika bado mkononi.

"Mimi naitwa Wilkista, napika hapo kwa geti," alisema. "Hiyo chai nyinyi wote mumekunywa, nimepika na hizo taka. Sasa mimi nauliza tu. Mashine ikikula magunzi yote, sisi tutapika na nini?"

Akaketi.

Tangu enzi za mzee Waithaka, kila Jumamosi mchana mashine ya kupukuchua ikizimwa, geti hufunguliwa, na wanawake wa mtaa wa nyuma huingia na magunia, wakazoa magunzi ya kupikia wiki nzima. Hakuna aliyelipa na hakuna aliyeulizwa. Kulikuwa na nyumba kule ambazo hazikuwahi kununua makaa. Mukami aliliona jambo hilo tangu akiwa mtoto, na miaka yote alilielewa kinyume: alidhani wale wanawake wanamfagilia ua. Hata kanisani aliwahi kumshukuru Mungu kwa majirani wanaozoa uchafu wa watu bila kudai mshahara. Sasa alimtazama Wilkista na lile birika lake jeusi kwa masizi, na haya zikampanda hadi masikioni.

Kiptum alimwinamia. "Madam, usijali," akamnong'oneza. "Hilo si letu. Kamati inaangalia kelele, moshi na moto. Magunzi yako kwa plot yako ni yako. Niendelee?"

Angeweza kusema endelea. Neno moja tu, na mtambo ungekuwa wake. Mukami alikunywa chai iliyobaki kikombeni, ikiwa imeshapoa, akakiweka chini.

"Andika," alisema, kwa sauti ya kusikika hema zima.

"Niandike nini?"

"Sharti. Jumamosi geti linafunguliwa, akina mama wanachukua kwanza, na mtambo unakula kinachobaki. Nikivunja, mje mnifungie."

Kiptum alikuna shingo. "Watu hunibembeleza niwaondolee masharti. Hakuna aliyewahi kuniomba sharti."

"Basi leo umeombwa."

Eliakim alikuwa amekabwa na chapati. "Madam," alisema alipopata pumzi, "mutambo itakura nini?"

"Itakula ya Naitiri," Mukami akajibu. Kule Naitiri wakulima hupukuchulia mashambani kwao, kisha huyachoma magunzi pale pale ili plau ipite. Malori yaliyomletea mahindi yangeweza kumletea na magunzi juu yake. Kwa nini hakuliwaza hilo mapema, hata yeye hakujua. Labda ni kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ruhusa ilitoka, na sharti lake ndani. Mtambo ulifungwa, na siku ya kwanza stima ilipopotea, eneo zima la viwanda likanyamaza isipokuwa kisiagi cha Mukami. Wateja walirudi mmoja mmoja, wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Mukami aliwapokea kwa maneno ya kuwachoma kidogo, nao wakayastahimili.

Kisha ikaja Jumamosi ya mvua. Lori la Naitiri lilikwama kwenye matope, stima ilipotea tangu asubuhi, na foleni ya wenye mahindi ilikuwa imezunguka banda. Rundo la magunzi lilikuwa dogo kuliko alivyowahi kuliona msimu ule. Nje ya geti, wanawake walisimama na magunia yao, wamejifunika nailoni.

"Leo usifungue, bana," Eliakim alisema. Alikuwa amekuja kuukagua mtambo. "Hii mvua hata kaunti inaiona. Nani atakuraumu?"

Wateja wale wale waliorudi ndio waliokuwa wakimtazama. Mukami alitembea mvuani hadi getini, akaondoa komeo, akalisukuma. Wanawake waliingia, wakajaza, wakajitwika, wakaondoka. Bandani kulibaki vumbi na magunzi machache ya kuokoteza. Mtambo uliyala hayo, ukakohoa, na mawe ya kisiagi yakazunguka polepole zaidi na zaidi mpaka yakasimama.

Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja alisema kule kwingine kuna dizeli.

"Nenda," Mukami alimwambia. "Mimi nimeahidi. Lori likitoka kwa matope nitasaga, lisipotoka mtarudi Jumatatu. Sitawadanganya."

Hakuna aliyeondoka mara moja, lakini aliona mtu wa nyuma akianza kuinua gunia lake. Hapo ndipo geti lilipogonga ukuta. Wilkista aliingia na gunia mgongoni, nusu limejaa, akapita katikati ya foleni bila kusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa mtambo na kulimimina. Nyuma yake walikuja wengine wawili, kisha wengine, kila mmoja na alichoona anaweza kukipunguza.

"Wilkista," Mukami alisema. "Hayo ni yenu."

"Ni yetu, na mahindi yangu iko hapo kwa laini," Wilkista alijibu, akijipangusa mvua usoni. "Ati nikae na moto bila unga? Nitasonga ugali na nini?"

Eliakim aliuwasha mtambo. Ulikohoa, ukashika, na mawe yakaanza kuzunguka tena. Yule mtu wa nyuma akalishusha gunia lake taratibu. Wilkista, akiona mambo yameiva, aliliburuta gunia lake la mahindi kuelekea mbele.

Mukami alisimama mbele yake, machozi yamejaa machoni na kicheko kimemjaa mdomoni, akanyoosha kidole kuelekea mkia wa foleni.

"Nyuma, mama. Sharti ni la magunzi, si la laini."

Wilkista alimtazama, akasonya, akaligeuza gunia na kurudi nalo hadi mahali pake, akimwambia kila aliyempita kwamba huyu ni mzee Waithaka mtupu.